Tangazo kwa Kiswahili, malalamiko kwa Kifaransa

Neno "pesa" lina tabia mbili hapa Kisangani. Anayelisoma kwa Kiswahili anaona jina: fedha, falanga, makuta. Anayelisoma kwa Kilingala anaona kitenzi katika hali ya amri: toa, nipe. Kwa hiyo huduma ya M-Pesa, ambayo Safaricom iliianzisha Kenya mwaka 2007 na Vodacom ikaileta Kongo mwaka 2012, ilipofika katika mji wetu ilijikuta na maana mbili chini ya mwavuli mmoja. Upande mmoja inaahidi fedha ndani ya simu. Upande wa pili inaamrisha: toa! Wenye lugha zote mbili, yaani karibu sisi sote wa Boyoma, tunasikia maana zote kwa mpigo na maisha yanaendelea.

Naanza na neno hili kwa sababu linaonyesha jambo ambalo sisi wa kitivo cha lugha tunalijua lakini hatulisemi kwa sauti: biashara ya leo huuza maneno kwanza, bidhaa baadaye. Na mwenye kuuza maneno anapaswa kuulizwa maswali na watu wa maneno. Maoni yangu ni haya. Makampuni yamejifunza kutuita kwa lugha zetu, lakini hayajajifunza kutujibu kwa lugha hizo. Tangazo huja kwa Kiswahili na Kilingala. Masharti, taarifa za makato na majibu ya malalamiko huja kwa Kifaransa. Pengo hilo tumezoea kulichukulia kama jambo la adabu tu, kumbe ni jambo la fedha za watu, na wanaolilipia zaidi ni wale wenye kidogo.

Tazama jinsi tangazo lenyewe lilivyobadilika. Zamani kidogo bango lilikaa juu ya nguzo, likiwa na picha ya familia inayotabasamu na sentensi ya Kifaransa chini yake. Siku hizi tangazo limeshuka chini kwa watu. Nyumba nzima hupakwa rangi ya kampuni ya simu, ukuta hadi mlango. Gari lenye vipaza sauti huzunguka Mangobo na Kabondo, mchekeshaji akiwa juu yake, akichanganya Kilingala na Kiswahili katika sentensi moja kama tunavyochanganya sisi nyumbani. Video fupi za simu zimechukua nafasi ya redio, na anayeuza ndani yake si mtangazaji mwenye sauti nzito tena, ni kijana wa mtaa anayeongea kama jirani yako.

Nchi hii ina historia ndefu ya tangazo linalovaa nguo za mazungumzo. Wanamuziki wa Kinshasa walifanya kutaja majina kuwa biashara: mtu analipa, jina lake linaingia ndani ya wimbo. Wenyewe wanaita kutupa "mabanga", yaani mawe. Viwanda vya bia, Bralima na Bracongo, vilishindania wanamuziki wakubwa kwa sababu hiyohiyo: neno likitoka katika kinywa unachokipenda, huliulizi cheti. Hata toleka, baiskeli za abiria zilizoujulisha mji wetu kwa wageni, zina jina ambalo ni tangazo tosha. "Tóleka" kwa Kilingala ni "tupite", "twende zetu". Hakuna mtaalamu wa masoko aliyeketi ofisini kulibuni. Ni mwito wa barabarani uliogeuka kuwa jina la kazi.

Kwa hiyo sina ugomvi na tangazo la lugha ya mtaani. Wapo walimu wetu wanaolilaumu kwa kuchanganya lugha. Mimi naona limefanya vizuri zaidi kuliko sisi: limewasikiliza wasemaji kabla ya kuandika. Ugomvi wangu unaanza pale mteja anapokwisha kujiandikisha.

Mfuate mteja huyo hatua kwa hatua. Ameitwa na kipaza sauti kwa Kiswahili. Amefika kwenye kabini, chini ya mwavuli, na kijana wa kabini amemweleza kila kitu kwa Kiswahili au Kilingala, kwa upole, akimwita mama au papa. Mpaka hapo lugha inafanya kazi yake. Kisha simu inalia. Ujumbe wa kwanza unaanza "Cher client". Toka dakika hiyo, kila kitu chenye uzito kinamfikia kwa Kifaransa: kwamba forfe yake imekwisha, kwamba ada imebadilika, kwamba huduma fulani itajirudia yenyewe, kwamba asitoe namba yake ya siri kwa mtu. Akitaka masharti, yako katika Kifaransa cha wanasheria ambacho hata sisi wanafunzi tunakisoma mara mbili. Akipiga simu kulalamika, sauti iliyorekodiwa inamwambia abonyeze namba kadhaa, na mara nyingi anabonyeza kwa kubahatisha.

Jirani yetu mmoja huuza sombe sokoni. Kwa majuma kadhaa aliona yunite za simu yake zikipungua kila asubuhi bila yeye kupiga simu. Alichofanya ni kile ambacho mtu yeyote angefanya: alimshuku binadamu aliye karibu. Alimshuku kijana wa kabini, akaacha kununua kwake, na maneno makali yakapita kati ya familia mbili zilizokuwa zikisalimiana kwa miaka. Aliponiletea simu, nilikuta ujumbe uleule umerudi kila siku, kwa Kifaransa, ukimshukuru kwa kuendelea na huduma ya nyimbo na habari ambayo hakujua kuwa anayo, na mwishoni ukimwonyesha neno la kutuma ili kujitoa. Kampuni ilikuwa imemwambia, naam. Ilimwambia kila asubuhi. Ilimwambia kwa lugha ambayo hakusoma.

Tulipiga simu ya huduma kwa wateja. Mhudumu alianza kwa Kifaransa cha kukariri, maneno yaleyale kwa mpangilio uleule. Nilipomwambia kwamba mwenye simu ni mama asiyejua Kifaransa, alinyamaza kidogo, kisha akaingia kwenye Kilingala kama mtu anayevua koti wakati wa joto. Mambo yalikwisha kwa dakika mbili. Kijana yule alikuwa na lugha kinywani muda wote. Karatasi iliyo mbele yake ndiyo iliyomzuia kuitumia. Siitaji kampuni, maana hadithi hii si ya kampuni moja, na siamini kwamba kuna mtu aliyekaa akapanga kumwibia mama wa sombe. Naamini tu kwamba hakuna aliyekaa akamfikiria.

Jambo linaloniudhi zaidi ni hili. Wapo watu wengine wanaompigia simu mteja, nao hawatumii Kifaransa cha kukariri. Ni matapeli. Wao hujitambulisha kama wafanyakazi wa kampuni, wanasalimia kwa heshima, wanauliza habari za watoto, wanaongea Kilingala safi au Kiswahili kitamu, kisha wanaomba namba ya siri. Onyo la kampuni dhidi yao limekuja kwa Kifaransa. Wao wamekuja kwa lugha ya mama. Basi nani ataaminiwa? Katika isimu tunafundishwa kwamba chaguo la lugha hubeba ujumbe wake pembeni ya maneno. Hapa ujumbe wa pembeni ni kwamba mwizi amejali kumwelewesha mteja kuliko mwenye duka alivyojali.

Sasa nijibu hoja tatu ninazozisikia katika veranda za kitivo.

Hoja ya kwanza ni kwamba Kifaransa ndicho lugha rasmi, na biashara lazima ifuate sheria. Ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Ibara ya kwanza ya Katiba ya 2006 inataja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na katika ibara hiyohiyo inazitaja Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa, na kuipa Serikali wajibu wa kuziendeleza bila ubaguzi. Hakuna mstari unaomkataza mfanyabiashara kumwandikia mteja wake kwa lugha ya taifa. Isitoshe, makampuni hayakusubiri ruhusa ya sheria yalipotaka kutuuzia kwa Kilingala na Kiswahili. Sheria inakumbukwa tu wakati wa kujibu.

Hoja ya pili ni kwamba mji una lugha mbili, na ukichagua moja utawaudhi wasemaji wa nyingine. Kiswahili kilikuja na misafara ya watu wa mashariki, wakati Tippu Tip alipokuwa na nguvu kwenye maporomoko haya, hata Leopold akamfanya gavana mwaka 1887. Kilingala kilipanda na mto, pamoja na mashua na askari. Zote mbili zimekaa, na watu wameoleana. Mtoto wa Tshopo hahitaji kikao cha usuluhishi kati ya lugha zake. Makanisani ibada hupangwa kwa lugha tofauti kwa saa tofauti na hakuna aliyekufa. Redio Okapi, tangu ilipoanzishwa mwaka 2002, imekuwa ikisoma habari kwa Kifaransa na lugha zote nne za taifa, habari ngumu za vita, uchaguzi na maradhi. Kama taarifa ya makubaliano ya amani inasemeka kwa lugha tano, taarifa ya makato ya yunite nayo inasemeka. Simu yenyewe inaweza kumwuliza mteja mara moja tu, siku ya kujiandikisha: uandikiwe kwa lugha gani?

Hoja ya tatu ndiyo nzito, na ndiyo inayotuhusu sisi. Inasema: hata tukikubali, ni Kiswahili kipi? Hapa napenda tusimame kidogo.

Njia rahisi kwa kampuni ni kuchukua maneno ya Nairobi au Dar es Salaam na kuyabandika hapa. Ni njia mbaya. Fikiria kitenzi "kutosha". Katika Kiswahili sanifu, "fedha zinatosha" maana yake hazipungui mahitaji. Katika Kiswahili cha Kisangani, kama cha sehemu nyingi za Kongo, "kutosha" ni kutoa kitu kilipokuwa, na "kutosha feza" ni kile ambacho bango la Tanzania huita "kutoa pesa". Kwa hiyo ujumbe unaosema "Fedha hazitoshi" utampa mama wa sombe taabu ya aina yake: anaambiwa kwamba fedha ni chache, au kwamba hazitoki? Chukua pia "salio". Ni neno zuri, fupi, nami nalipenda. Lakini uliza watu kumi katika soko la hapa, utaona wangapi wanalitumia. Wao wanasema "kile kilichobakia". Chukua "wakala", hapa ni mtu wa kabini. Ukiandika Kiswahili ambacho msomaji anahitaji kutafsiriwa, umebadilisha tu ofisi ya kutafsiria.

Hilo halina maana kwamba mashariki hawana la kutufundisha. Wanalo, ila si orodha ya maneno. Ni namna ya kufanya. Safaricom ilipotaka jina la mkopo wa muda wa maongezi, iliita "Okoa Jahazi", picha ya chombo kinachozama ambayo hata mtu asiyewahi kuona bahari anaielewa. Kutuma muda wa maongezi kwa mwingine iliita "Sambaza", neno ambalo tayari lilikuwa vinywani. Mwaka 2019 ikachukua kitenzi "fuliza", kufanya jambo mfululizo bila kukatika, ikakipa jina la mkopo unaokamilisha malipo yanapopungukiwa, na leo kitenzi hicho kinatamkwa kila siku na vijana ambao pengine wasingekikuta nje ya kamusi. Hata sauti iliyorekodiwa iliacha alama: ujumbe kwamba mteja hapatikani ulirudiwa mno hadi vijana wa Kenya wakaanza kusema mtu fulani ni "mteja", yaani hapatikani, simu yake imezimwa. Huo ni mzaha, lakini mwanaisimu anajua thamani ya mzaha. Watu huchezea lugha wanayoiona kuwa yao. Sijasikia mtu wa Mangobo akichezea "Cher client".

Na kuhusu hilo "Cher client", tulitazame nalo. Kisarufi halina kosa. Kimazungumzo ni baridi. Sokoni kwetu hakuna anayeitwa mteja mpendwa. Unaitwa papa, mama, yaya, ndugu, na kila jina linamfunga anayelitamka: ukiniita yaya, huwezi kunipimia kikombe cha mchele kilichopinda bila kuona haya. Mwishoni muuzaji anakuongezea matabisi, kiganja kimoja juu ya kipimo, na kwa kiganja hicho anakuambia urudi kesho. Huduma kwa wateja imeishi hapa kabla ya neno hilo kufika. Kinachofundishwa leo katika semina, kutabasamu, kutaja jina la mteja, kumshukuru kwa uaminifu wake, ni mabaki ya yale ambayo mama wa soko anayafanya bila karatasi. Tofauti ni kwamba yeye akikosea unamkuta kesho mahali palepale.

Walokele wa ukingo wa mto huu walilijua jambo hili kwa njia ya ngoma. John Carrington, mmishonari aliyeishi Yakusu na kuandika kitabu juu ya ngoma zisemazo mwaka 1949, alieleza kwamba ngoma ina sauti mbili tu, ya juu na ya chini, na maneno mengi hufanana mapigo. Kwa hiyo mpigaji halipigi neno peke yake. Hulizungushia maneno mengine mpaka msikilizaji wa mbali asiweze kukosea. Na mtu huitwa kwa jina lake la ngoma lililofungamana na la wazazi wake. Mzigo wa kueleweka ulikuwa juu ya mpiga ngoma. Hakuna aliyemlaumu msikilizaji wa ng'ambo kwa kutoelewa. Sisi tumeugeuza mzigo huo: kampuni yenye fedha, wataalamu na mitambo inapiga inavyotaka, na mama wa sombe ndiye anayepaswa kutafuta mwanafunzi wa chuo kikuu amsomee.

Jambo hili litazidi kuwa gumu. Mhudumu wa simu aliyevua koti la Kifaransa kwa ajili yetu anaanza kupungua. Nafasi yake inachukuliwa na majibu ya kujiendesha, roboti za WhatsApp na sauti zilizotengenezwa kwa mashine. Mashine haina huruma ya kubadili lugha ghafla. Inajibu kwa lugha iliyofundishwa. Kama Kiswahili chetu na Kilingala chetu havikuandikwa mahali mashine inapoweza kuvisoma, mlango ule mdogo wa dakika mbili utafungwa kabisa.

Ndiyo maana nawaelekezea wenzangu na walimu wangu neno la mwisho, badala ya kuwaelekezea makampuni peke yao. Kila tarehe 7 Julai, tangu UNESCO ilipoitangaza siku hiyo mwaka 2021, tunasoma hotuba juu ya ukubwa wa Kiswahili duniani. Tangu mwaka 2022 nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na hotuba zimeongezeka. Hotuba hazimsaidii mtu kusoma ujumbe wa makato. Tunayo kazi ndogo, inayowezekana, ambayo hakuna atakayetufanyia.

Kwanza, tukusanye maneno ya fedha na simu kama yanavyosemwa katika makomini yote sita ya mji, Lubunga ikiwemo, kwa Kiswahili na kwa Kilingala. Hayazidi mia moja: kuweka, kutosha, kutuma, kukopa, kukatwa, namba ya siri, kujitoa. Hii ni kazi ya mwaka mmoja wa wanafunzi wachache wenye daftari. Pili, tuandike kwa maneno hayo ujumbe ishirini ambao mteja huupokea mara nyingi, na tuupeleke sokoni tuone kama unaeleweka kabla ya kuupeleka ofisini. Msomaji wa majaribio asiwe profesa. Awe mama wa sombe, na akisema haelewi, ujumbe ndio uliofeli. Tatu, tukiwa na karatasi hizo mkononi, tuwaombe walio na mamlaka juu ya mawasiliano, na makampuni yenyewe, wakubali kanuni moja fupi: lugha uliyotumia kumwomba mtu ajiandikishe, ndiyo utakayotumia kumwambia kwamba umechukua fedha yake.

Kanuni hiyo haimwondoi Kifaransa mahali pake. Anayekitaka aandikiwe kwa Kifaransa. Haidai pia kwamba Kiswahili cha Boyoma kimeshinda cha Zanzibar au kwamba Kilingala kinyamaze. Inadai tu uaminifu ambao kila muuzaji wa soko anaufahamu: bei uliyoitangaza kwa sauti usiibadilishe kwa kunong'ona. Watakaouliza maneno ya kufanyia hivyo yako wapi, tuwe na daftari la kuwaonyesha.